Plagi Yenye Alama Tatu

Gereji, 2 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nimeziweka mwisho wa barua. Ukiwa na subira utazikuta. Simu sikupigii. Uliponikatia siku ile tulipokuwa tunagawana nguo za Baba, nilijiapiza kwamba kuanzia hapo nitakuandikia tu, maana barua huwezi kuikata katikati.

Kifurushi chako kimefika. Ulikituma kwa basi kwa jina la mume wangu, si langu, ukijua kwamba Jumatano nashinda madukani kutafuta vipuri. Niliporudi nilimkuta ameshaifungua ekzosi ya Baba, bomba la moshi, na kuiegemeza ukutani karibu na ndoo ya oili chafu, na hilo dude lako linang'aa ubavuni mwa Mjane. Wewe mwenyewe ndiye uliyeibandika pikipiki ile jina hilo baada ya mazishi, kwa hiyo nilidhani utaiheshimu. Kwa miaka ishirini imepita mtaa huu na hakuna aliyegeuza shingo. Sasa mtoto wa jirani anaangua kilio kila inapowashwa, na Mama ameniuliza kama kuna watu wanapasua mawe.

Basi nikueleze ulichokifanya, kwa kuwa huko mlimani kazi yako ni kuchomelea na kusikiliza mlio. Sailensa ya kupunguza mlio umeitoa matumbo yote, na bomba umelifanya pana kupita kiasi. Moshi uliokuwa unatoka kwa kasi sasa unajikokota. Gia ya kwanza na ya pili hazina nguvu; mume wangu akibeba vifurushi vya wateja wake anapanda kilima cha shule akijisukuma kwa miguu. Mafuta yakifunguliwa yote Mjane anakimbia kweli, sikatai, lakini ni nani anayepeleka vifurushi akiwa kwenye mashindano? Na akiachia mafuta kwenye mteremko, bomba linapiga risasi. Unajua vizuri maana yake. Hewa imezidi, mafuta hayatoshi, na injini inaungua kwa ndani. Shingo ya bomba imeshageuka bluu na wiki haijaisha.

Nimemwambia aitoe, amekataa. Tuna miaka tisa ya ndoa na hajawahi kunikatalia jambo. La kwanza alilochagua kunikatalia ni hili, lililotoka mkononi mwako.

Njoo uchukue chuma chako, au nitakikata vipande nikitupe kwenye rundo la vyuma chakavu.

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Dada yako


Mlimani, 10 Februari

Dada,

Waliokupa jina la Koleo hawakukosea. Ukishashika kitu huachii, hata kama ni kidole cha mtu.

Ekzosi sikumtumia shemeji kwa uchokozi. Aliniomba. Aliniandikia barua nzima, kwa mwandiko wake ule wa kujibana, na nilishangaa kwamba ana maneno mengi kiasi hicho. Kwako huwa nasikia "ndiyo" na "sawa" tu. Labda siku moja umwache amalize sentensi.

Bomba halina kosa. Injini ya Mjane ilikuwa inapumulia pua moja, mimi nimeifungulia ya pili. Ikivuta hewa zaidi, iongezee na mafuta, hilo tu. Fungua kabureta, toa jeti ya tisini na tano aliyoiacha Baba, weka ya mia na tano yenye tundu kubwa zaidi la mafuta. Hapa kwetu juu, hewa ni nyepesi, mia ingetosha. Huko chini hewa ni nzito, kwa hiyo usinifanyie ubahili. Ukiacha ile ya zamani na bomba hili jipya utaichoma injini, na usije ukasema sikukuambia.

Halafu fanya kama alivyotufundisha Baba. Funga plagi mpya. Panda kilima cha shule mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Ukifika juu vuta klachi na uzime papo hapo, usiiache ingurume hata kidogo, kisha uitoe plagi ikiwa bado ya moto. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Ikiwa nyeusi ya masizi, mafuta yamezidi. Ikiwa kahawia ya biskuti, nenda kanywe chai. Uikate alama kwa tupa kwenye chuma chake: moja kwa mafuta kidogo, mbili kwa nusu, tatu kwa yote. Ifunge kwenye karatasi unitumie, nami nitakusomea. Unakumbuka vizuri. Wewe ndiye uliyekuwa unasimama kando yake ukimshikia kitambaa, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa sigara.

La mwisho nimeshamwambia Mama, nakuambia na wewe. Mkataba wangu huku unaisha Aprili na nataka kurudi nyumbani, kwenye gereji. Kibao cha mlangoni kimeandikwa "Fundi Mkuu na Wanawe". Wanawe ni wawili, nimehesabu. Baba mdogo anasema lazima wewe ukubali kwanza, kwa sababu funguo uliachiwa wewe. Sipigi magoti, nakutaarifu.

Mdogo wako


Gereji, 21 Februari

Fundi Kelele,

Nimesikia huko ndivyo wanavyokuita. Hongera, jina limekufaa.

Kazi yote uliyoagiza imefanyika. Jeti ni mia na tano. Kilima kimepandwa, injini imezimwa juu, plagi imetolewa ikiwa ya moto. Imo humu kwenye karatasi. Isome, useme neno lako, tumalizane.

Kuhusu kurudi: ulipoondoka uliacha injini nne zimefunguliwa juu ya meza, za watu wanne tofauti, na boliti zote umezichanganya kwenye sahani moja. Nilizifunga peke yangu kwa siku kumi na moja, Baba hajafikisha mwaka kaburini, na wenye pikipiki wamesimama mlangoni wakinitazama mikono. Kibao kinasema wanawe, ni kweli. Siku zile alikuwepo mmoja. Nitafikiria.

Mama anakusalimu. Anauliza kama huko kuna baridi.

Dada yako


Mlimani, 1 Machi

Dada,

Plagi imefika.

Nimeisoma mara tatu. Asubuhi nimeitazama kwenye mwanga wa mlangoni, mchana nimeitazama kwa lenzi, jioni nikaitazama tena bila sababu. Rangi hii sijaiona tangu Baba. Ni kahawia iliyotulia, pande zote sawa, hakuna masizi, hakuna weupe. Nimeziona na alama tatu. Zimelalia kushoto. Kuhusu hilo sitasema kitu, usije ukanivimbia kichwa.

Msiguse chochote. Jeti ibaki ilivyo, bomba libaki lilivyo. Mwambie shemeji afungue mafuta apendavyo, injini iko salama, nimesema mimi. Hii weka kwenye kumbukumbu zako, kwa kuwa najua unatunza kila neno langu ili uje unipige nalo.

Ndiyo, kuna baridi. Mwambie Mama nina koti.

Mdogo wako


Gereji, 19 Machi

Wewe,

Ni kweli nimelitunza neno lako. Liko hapa mbele yangu: "Afungue mafuta apendavyo, injini iko salama, nimesema mimi." Umetia na sahihi.

Jumanne mume wangu alikuwa anarudi kutoka ghala la saruji, kwenye ile barabara iliyonyooka. Alifungua mafuta yote, kama ulivyomruhusu. Walioshuhudia wanasema mlio ulikatika ghafla, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, na pikipiki ikaenda ubavu hadi kwenye mtaro, yeye akiwa chini yake. Mguu wa kulia umevunjika mahali pawili, chini ya goti na juu ya kifundo. Wamemtia vyuma. Daktari anasema atatembea, lakini mume wangu alipomuuliza kama ataweza tena kusimamia pikipiki kwa mguu ule, daktari aliangalia karatasi zake.

Mjane waliniletea kwenye mkokoteni. Nimemfungua kwa mikono yangu. Pistoni imeyeyuka upande wa ekzosi, ukingo wake umelegea na kushuka, halafu ikanasa ndani ya silinda. Sina haja ya kukueleza kinachoyeyusha pistoni namna hiyo. Ni joto, na joto lilitoka kwenye bomba lako ulilolipanua ili watu wageuze shingo. Nilikuonya tangu barua ya kwanza. Bomba likapiga risasi, shingo ikageuka bluu, nami nikakuandikia, na wewe ukanijibu kuhusu pua moja na pua mbili.

Baba mdogo anakuja tarehe ishirini Aprili. Mama atakuwepo. Nitaiweka mezani barua yako ya tarehe moja, na nataka na plagi uliyoisoma iwe mezani, ili waone ulichokitazama mara tatu kwa lenzi ukakiita salama. Nitawauliza kama mtu wa namna hiyo anastahili kufanya kazi chini ya jina la Baba. Nikipata jibu ninalolitarajia, "na Wanawe" nitalipaka rangi siku hiyohiyo, na hutakuwa na pa kurudi.

Nitumie plagi. Salamu hakuna.

Dada yako


Mlimani, 27 Machi

Dada,

Kwanza mguu wa shemeji. Barua niliisoma nimesimama kwenye benchi la kazi, na hapo penye mguu nikarudia kusoma. Nampenda yule mtu, utake usitake. Mpe pole yangu, na ukiona ni uchafu kuitamka, mpe karatasi hii aisome mwenyewe.

Sasa wewe. Umesubiri miaka miwili upate kitu cha kunifungia mlango, na mguu wa mumeo umekupatia. Umeandika kurasa mbili, na katika kurasa zote mbili sikusikia mtu anayelia. Nimesikia mtu anayepanga meza.

Plagi ile haikutoka kwenye injini iliyoyeyusha pistoni. Haiwezekani. Injini inayoungua namna hiyo plagi yake inakuwa nyeupe kama chaki, na ukiitazama vizuri unakuta chembe za pistoni zimeganda juu yake. Niliyoisoma mimi ilikuwa na afya kuliko mimi. Basi kati ya kilima cha shule na barabara ya ghala kuna kitu kilibadilika, au kuna kitu hakikufanyika. Umesema umemfungua Mjane kwa mikono yako. Najua ulivyo, ulifungua na kabureta. Hukuweza kuiacha. Jeti uliyoikuta ndani ni namba ngapi? Umenieleza hata daktari alitazama wapi, lakini namba ile haimo.

Na plagi sikutumii. Ni yangu. Sababu sikuambii, maana utaicheka, na sina nguvu ya kuchekwa mwezi huu.

Mdogo wako


Gereji, 4 Aprili

Wewe,

Mtu amelala na vyuma mguuni, na wewe unauliza namba ya jeti.

Plagi si yako. Ilitoka kwenye pikipiki ya Baba, iliyoko kwenye gereji ya Baba, ambayo funguo zake ninazo mimi. Isipofika kabla ya tarehe ishirini nitawaambia umeitupa kwa kuwa ilikuwa inakushtaki, na hakuna atakayeshangaa.

Mama ameacha kukuulizia. Amechoka nasi sote wawili, anasema anatamani angezaa mbuzi.

Dada yako


Mlimani, 11 Aprili

Dada,

Chukua. Imo humu kwenye karatasi, sikuifuta wala kuigusa.

Nimekuuliza namba mara moja, ukanijibu kwa mguu wa mumeo. Sitauliza tena. Mtu akikwepa swali dogo namna ile, jibu lake si dogo.

Tarehe ishirini siji. Mkataba nimeuongeza mwaka mmoja. Kibao paka rangi unayoipenda, lakini tumia ngazi ndefu, ile fupi ina kipago kilichooza na mkono wako mmoja utakuwa na kopo.

Mdogo wako


Gereji, 22 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii nimeichana mara mbili. Safari ya tatu nimeamua kuandika bila kusoma nyuma.

Kifurushi chako nilikifungua tarehe kumi na saba, juu ya meza ya kazi, nikiwa na kiu ya kukuumbua. Nikaona alama tatu zimelalia kushoto. Mimi sijawahi kukata alama kwenye plagi maisha yangu yote. Hata Baba alipokuwa hai sikukata, alikata yeye.

Kuna kopo la maziwa ya unga kwenye rafu yangu, nyuma ya kopo la grisi. Hakuna anayelijua isipokuwa mume wangu. Ndani yake nimeweka plagi tatu za mwisho ambazo Baba alizitoa kwa Mjane wiki moja kabla ya kuugua: yenye alama moja, yenye mbili, yenye tatu, kila moja kwenye karatasi yenye mwandiko wake. Siku nyingine nalishusha, nazishika, nalirudisha. Nililishusha. Ya kwanza ilikuwemo, ya pili ilikuwemo. Karatasi ya tatu ilikuwa na plagi mpya ndani, haina alama, nyeupe kama chaki, na ina chembe za pistoni zimeganda juu yake. Ni kama ulivyoandika; pistoni ilikuwa imeanza kuungua tangu siku ya kilima.

Nilikwenda na hiyo plagi kwenye kitanda cha mume wangu nikaiweka juu ya shuka. Hakunibishia. Alisema alipanda kilima, akaitoa, akaona weupe, na kwa miaka tisa ya kukaa na mimi anajua weupe ni nini. Alijua ukiiona utasema bomba litolewe. Akachukua ya Baba kwenye kopo, akaiacha hiyo nyeupe mahali pake, ya Baba akaipangusa vumbi, akaifunga kwenye karatasi. Nilimuuliza kwa nini, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Akasema: "Nimepita mtaa huu miaka tisa na watu wananiita mume wa fundi. Na lile bomba, walikuwa wananisikia kabla sijafika."

Nilitoka nikasimama uani.

Sasa la kwangu, ambalo ni baya kuliko lake. Niliapa kwamba mkono wangu hautagusa chuma chako. Kwa hiyo jeti ya mia na tano na plagi nilimpa yeye, nikamwelekeza huku nikiendelea na kazi nyingine, wala sikugeuka. Yeye kabureta hajawahi kuifungua, na aliona haya kuniambia. Alisema imefanyika, nami nikakuandikia imefanyika. Siku nilipomfungua Mjane nilikuta ndani tisini na tano. Ile ya mia na tano ilikuwa mfukoni mwa koti lake, bado kwenye bahasha yake. Nilijua tangu Machi. Nilikuandikia kurasa mbili za lawama huku namba ile iko mezani mbele yangu, na uliponiuliza nikajificha nyuma ya mguu wa mume wangu. Plagi ya Baba sikujua. Jeti nilijua.

Tarehe ishirini walikuja. Nilikuwa naweza kunyamaza. Plagi zote mbili zilikuwa kwangu na wewe hukuwepo. Niliziweka zote mezani, na jeti zote mbili kando yake, nikawasimulia kama ninavyokusimulia. Mama alishika ile ya Baba akaifunika kwa viganja. Baba mdogo alisimama, akatoa funguo za gereji kwenye msumari wangu, akaziweka kwenye mapaja ya Mama. Sasa kila asubuhi naomba funguo kwa Mama kama mtu aliyeajiriwa jana. Kibao hakijapakwa rangi.

Usidhani nimekuwa mpole. Bomba lako ni pana mno, nguvu ya chini limeiua, na hilo nitalisema hadi nife. Lakini halikumvunja mtu mguu.

Kitu kimoja kinanisumbua. Wewe uliziona alama, uliandika umeziona. Unajua mimi sikati. Kwa nini hukuuliza?

Dada yako


Mlimani, 30 Aprili

Dada,

Sikujua kwamba hukati.

Baba alikuwa wa mkono wa kushoto, na wewe ni wa mkono wa kushoto. Kati yetu wawili ni wewe uliyeurithi, mimi nilikosa. Nilipoona alama zimelalia kushoto nilisema: basi Koleo ameanza kukata kama Baba, na ya kwanza amenikatia mimi. Nikafurahi kama mjinga. Nikaacha kutazama kitu kingine. Baadaye, nilipokuwa naifunga kukurudishia, niliona vumbi la zamani ndani ya nyuzi zake za skrubu. Plagi ya wiki moja haina vumbi kwenye nyuzi. Hata mtu anayejifunza kazi angeliona, na mimi nilikuwa na lenzi mkononi. Niliifunga hivyohivyo kwa hasira, nikajiambia ni vumbi la gereji yako chafu.

Kwa hiyo mwambie Baba mdogo na hili, asidhani kwamba kwenye ile meza mimi nimetoka safi. Rangi niliisoma mara tatu kwa sababu ya alama, wala si kwa sababu ya injini.

Ndiyo maana sikutaka kuirudisha. Nilikuwa nimeiweka dirishani.

Uliyonifanyia Machi na Aprili sijayasahau, na sioni dalili kwamba nitayasahau karibuni. Ulikuwa umeshika namba mkononi ukaniacha nijione muuaji. Nililala na mguu wa shemeji kichwani mwezi mzima. Hukuniomba radhi katika barua yako, nimeitafuta.

Nimekata bomba jingine. Ni jembamba, na sailensa ina matumbo yake. Nitalituma kwa basi, kwa jina lako.

Mdogo wako


Gereji, 18 Mei

Mdogo wangu,

Radhi naomba. Haikuwemo kwa sababu nilikuwa naitafutia pa kuiweka, na kila mahali ilionekana ndogo.

Bomba limefika. Nimelifunga kwa mikono yangu, pistoni ni mpya, na jeti nimeiweka mwenyewe nikaitazama namba mara mbili kabla ya kufunika. Mia na mbili. Usinibishie, wewe ulipima huko juu, mimi niko huku chini. Nguvu ya chini imerudi. Kilima cha shule nimekipanda mwenyewe, gia ya pili, na juu nikazima papo hapo. Mume wangu alikuwa kwenye benchi na magongo yake, akasikiliza nilivyorudi, akasema amesikia, lakini kwa mbali mno. Hilo mtamalizana wenyewe, na safari hii nitageuka nisikilize.

Mama amerudisha funguo kwenye msumari, ila amepigilia msumari wa pili kando yake na haukuwa na kitu jana nilipofunga. Nimemuuliza ni wa nini. Ameniambia nisijifanye mtoto.

Plagi imo humu. Nimeikata alama tatu kwa tupa ya Baba. Ya katikati imekwenda upande, iliniteleza, ndiyo mara yangu ya kwanza. Tazama rangi kwanza, alama baadaye.

Mama anakusalimu. Na mimi.

Dada yako